Afishi ya utafiti: kazi ya binti yako ikisimama mbele ya watu



Juma hili tunajibu swali la mama mmoja wa kikundi cha akiba. Binti yake anamaliza masomo ya afya ya jamii kwenye iniversite. Profesa amewaambia wanafunzi kwamba, zaidi ya kitabu cha kazi ya mwisho, kila mmoja atatengeneza afishi ya utafiti wake na kusimama kando yake siku nzima ili watu wapite, wasome na kuuliza. Mama anasema: «Tulilipa minervali. Tulilipa karatasi na kuchapisha. Sasa wanataka bashi la ukutani. Hiyo afishi ni ya nini? Je, niombe mkopo wa AVEC kwa ajili ya karatasi moja?»

Mama, usiombe mkopo. Mkopo wa kikundi ni wa kitu kitakachozaa, na iko njia ya kufanya kazi hii kwa feza kidogo. Lakini usimwambie mtoto aiache. Tueleze mambo hayo mawili moja baada ya lingine.

Afishi ya utafiti ni kitu gani?

Ni karatasi moja kubwa inayoeleza kazi yote ya mwanafunzi: aliuliza swali gani, alilitafutia jibu kwa njia gani, alipata nini, na hayo aliyoyapata yana maana gani kwa watu. Ukubwa unaoombwa mara nyingi unaitwa A0, yaani sentimita 84 kwa 119 hivi. Wengine wanaomba A1, ambayo ni nusu yake.

Desturi hii imeenea katika mikutano ya wanasayansi tangu miaka ya 1970. Wenye kazi za kuonyesha walikuwa wamezidi nafasi za kusema mbele ya watu. Mtu mmoja alipokuwa anasema, mamia walikaa kimya. Kwa afishi, wengi wanaonyesha kazi zao kwa wakati mmoja, na anayepita anasimama pale anapovutiwa. Ni kama soko letu: bidhaa iko wazi mezani, muuzaji yuko kando, mnunuzi anaangalia, anauliza, anaendelea. Na kama sokoni, meza iliyojazwa ovyo inapitwa.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wanakosea. Wanachukua kurasa 60 za kitabu na kuzifinya ndani ya karatasi moja, kwa herufi ndogo kama mtama. Anayepita anaona ukuta wa maneno, anatabasamu kwa heshima, anakwenda.

Karatasi moja inaweza kufanya nini?

Tuangalie jambo la kwetu Kongo. Ugonjwa wa konzo uliandikwa na daktari Trolli mwaka wa 1938, katika eneo la Kwango. Jina ni la Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Unawapata zaidi watoto na wamama wa umri wa kuzaa, katika familia zinazokula mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha na zinazokosa chakula cha kujenga mwili, kama maharage, samaki au nyama. Miguu inakakamaa ghafula, na hairudi tena kama zamani.

Profesa Howard Bradbury wa Australian National University alitafuta njia nyepesi ya kuondoa sumu inayobaki ndani ya unga wa mihogo. Unaweka unga ndani ya beseni na kutia alama pale unapofika. Unaongeza maji huku unakoroga. Unga unapanda kwanza, kisha unashuka tena. Ukirudi kwenye alama, maji yametosha. Unautandaza juu ya mkeka, mwembamba, usiofika unene wa sentimita moja. Unauacha saa mbili juani au saa tano kivulini, na sumu inatoka kama hewa. Unga huo ulio na maji unapikwa siku ileile, bugali kama kawaida.

Pamoja na wenzake wa hapa, akiwemo Dokta Banea wa PRONANUT, njia hiyo ilifundishwa kwa wamama wa kijiji cha Kay Kalenda, katika eneo la Popokabaka, miaka ya 2010 na 2011. Hakuna mgonjwa mpya wa konzo aliyeonekana kijijini katika kipindi hicho cha kazi. Na moja kati ya vyombo vya mafundisho ilikuwa afishi yenye picha, inayoonyesha hatua moja moja. Imetolewa katika lugha nyingi, Kiswahili pia.

Hiyo ni afishi ya kufundisha, si afishi ya iniversite. Lakini angalieni safari yake. Utafiti wenyewe ulichapishwa katika majarida ya wanasayansi ambayo mama wa kijijini hatayaona hata siku moja. Kilichofika mkononi mwake ni picha chache na maneno machache. Elimu ile haikupungua kwa kufupishwa. Ilipata miguu ya kutembea.

Hata zamani ilikuwa hivyo. Florence Nightingale, mwuguzi wa Uingereza, aliona askari wakifa kwa wingi katika vita vya Krimea.  Mwaka wa 1858 alichora mchoro wa duara wenye rangi tatu: moja ya waliokufa kwa majeraha, moja ya waliokufa kwa magonjwa yanayoweza kuzuiliwa, moja ya sababu nyingine. Rangi ya magonjwa ilizifunika nyingine kwa ukubwa. Mtu asiyependa hesabu aliona kwa jicho moja kwamba uchafu uliua askari kuliko adui.

Basi, mama, karatasi moja inaweza kubeba neno zito. Yote yanategemea namna ilivyopangwa.

Namna ya kuipanga

Tuseme binti yako aliwatembelea wamama 40 wa kartie, akawauliza juu ya kunyonyesha. Mashauri ya Shirika la Afya Duniani yanajulikana: maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila maji wala uji. Tuseme alikuta kwamba karibu wote walisikia shauri hilo, lakini 26 walimpa mtoto maji kabla ya miezi sita, na wengi wao walisema bibi wa mtoto ndiye aliyeagiza. Tutumie mfano huo.

Kwanza, atafute neno moja. Akikaa na wewe jikoni mnachambua sombe, mwulize: «Mwanangu, umegundua nini?» Akianza na «utangulizi, muktadha na malengo mahususi», mwambie aanze tena. Siku atakaposema, «Wamama wanajua shauri la miezi sita, lakini maji yanaanza pale bibi anapoagiza», amefika. Neno hilo ndilo litakaloandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote. Mwaka wa 2019 mwanafunzi mmoja wa Marekani, Mike Morrison, alitoa wazo ambalo wengi wamelifuata: jibu la utafiti liwekwe katikati ya afishi, kwa maneno mepesi na makubwa, na mambo mengine yakae pembeni. Kama profesa ameagiza mpangilio mwingine, afuate wa profesa. Lakini hata hapo jibu lionekane kabla ya yote.

Pili, awe na sehemu chache: swali, njia aliyotumia, alichopata, maana yake, na shukrani. Maneno yote yasipite 500 hivi. Kila sentensi iulizwe: nikiiondoa, msomaji atapoteza nini? Kama hapotezi kitu, iondoke.

Tatu, herufi. Kichwa kisomeke na mtu aliye mbali hatua tano au sita. Maneno ya ndani yasomeke na mtu aliyesimama mita moja na nusu. Kwenye ordinatere, maneno ya ndani yasishuke chini ya ukubwa wa 24, na kichwa kiwe 80 au zaidi.

Nne, rangi mbili au tatu zinatosha. Kikwembe kinapendeza kwa rangi nyingi, afishi haipendezi. Maandishi meusi juu ya nyeupe yanashinda yote. Picha ya ziwa au ya mlima isiwekwe nyuma ya maandishi, kwa sababu macho hayatajua yaangalie nini. Na aache nafasi tupu katikati ya sehemu.

Tano, hesabu zionyeshwe kwa mchoro. Aliye na watu 40 asikimbilie kuandika asilimia 65. Aandike «mama 26 kati ya 40». Afadhali zaidi, achore vichwa 40 vidogo, na 26 viwe na rangi. Kila mchoro uandikwe kinachopimwa, na mistari ya grafu ianze kwenye sufuri ili tofauti ndogo isionekane kubwa. Hapo tunazungumza juu ya ukweli, si urembo. Na asiseme «wamama wa Kongo» wakati aliuliza wamama 40 wa kartie moja.

Sita, picha za watu. Hili tunalisema kwa nguvu. Picha ya mama au ya mtoto isiwekwe bila ruhusa ya wazi, na mama aelezwe kwamba afishi itaonwa na watu asiowajua na inaweza kupigwa picha kwa telefone. Kama utafiti unahusu dada zetu waliotendewa ubaya, au ugonjwa ambao watu wanauonea haya, uso usiwepo, jina lisiwepo, na jina la kijiji kidogo pia lisiwepo, kwa maana majirani watamtambua hata bila jina. Mchoro wa mkono unatosha. Aliyefungua moyo wake kwa mwanafunzi asije akajikuta ukutani.

Feza na mvua

Sasa tuje kwenye kikapu. Aulize bei kwenye imprimeri mbili au tatu kabla ya kuanza kupanga, kwa sababu karatasi na bashi havina bei moja. Bashi linavumilia mvua na safari, na linaweza kutumika tena. Karatasi mara nyingi ni nafuu zaidi lakini inaharibika upesi. Aulize kwanza kama fakilte ina msaada, au kama wanaomba A1, maana nusu ya ukubwa inapunguza gharama.

Kama feza haipo kabisa, A0 moja ni sawa na karatasi 16 za A4, zile za kawaida. Anaweza kuchapisha sehemu moja moja kwenye A4 na kuzibandika vizuri juu ya karatasi kubwa au kartoni safi. Amwulize profesa mapema kama atakubali. Afishi ya vipande iliyofikiriwa vizuri inashinda bashi la bei kali lisilosomeka.

Kabla ya kuchapisha kubwa, achapishe ndogo kwenye A4 moja. Mtu mwingine aisome na kutafuta makosa, hasa katika majina na katika hesabu, kwa sababu macho ya mwenye kazi yamezoea na hayaoni tena. Aiweke kazi kwenye flashi mbili, kwa muundo wa PDF, ili herufi zisibadilike kwenye mashine ya wengine. Aende imprimeri siku mbili au tatu kabla, asingoje usiku wa mwisho. Umeme wetu mnaujua. Na siku ya kwenda, afishi iviringishwe, ikunjwe ndani ya plastiki na kutiwa ndani ya bomba la maji au kartoni ngumu. Juu ya moto, mvua ya dakika tano inaweza kumaliza kazi ya miezi mitano.

Siku ya kusimama

Afishi haisemi peke yake. Mtoto atayarishe maneno ya dakika mbili: mimi ni fulani, niliuliza hili, nilifanya hivi, nilipata hili, na ninafikiri tufanye hivi. Asisome kutoka kwenye afishi akiwapa watu mgongo. Asimame kando yake, si mbele yake, aonyeshe kwa mkono mchoro anaouzungumzia.

Anayepita asisubiri kusalimiwa, mtoto amsalimu kwanza, kisha aulize: «Nikueleze kwa ufupi?» Akija profesa mkubwa, asitetemeke, na akija mama wa usafi wa jengo, asimwone mdogo. Amweleze vilevile. Huenda yeye ndiye anayenyonyesha.

Maswali yatakuja. «Kwa nini 40, na si 400?» Ajibu kwa ukweli: muda na uwezo vilikuwa hivyo, na kwa hiyo sisemi juu ya mji mzima. «Kwa nini hukuwauliza mabibi wenyewe?» Kama hakuwauliza, aseme: hilo linabaki kufanywa. Swali asilolijua, aseme sijui, aliandike kwenye kaye, ashukuru. Anayesema sijui kwa utulivu anaaminiwa katika yale anayosema anajua.

Na hapa ndipo kazi yako, mama, hata kama hukusoma Kifaransa. Jioni, chakula kikiwa motoni, mwambie asimame akueleze kwa Kiswahili. Msikilize mpaka mwisho. Kisha mwambie mahali ulipopotea. Usimwambie «vizuri» kwa kumhurumia; wewe ni msikilizaji wake wa kwanza, na pale ulipopotea wewe ndipo wengine watakapopotea. Dada na kaka zake wamuulize maswali. Baada ya jioni tatu atakuwa ameacha kukariri, ameanza kuzungumza. Wasichana wetu wengi wana akili nyingi na sauti ndogo, kwa sababu tuliwafundisha kunyamaza mbele ya wakubwa. Heshima ni nzuri. Lakini siku ile wanahitaji kusema kazi yao kwa sauti inayosikika, na zoezi hilo linaanzia nyumbani.

Afishi irudi ilikotoka

Neno la mwisho ndilo linalotuuma zaidi. Ni mara ngapi mwanafunzi, au mtu wa shirika, ameingia ndani ya nyumba zetu na karatasi ya maswali? Tunakula nini, tunazaa wapi, tunachota maji wapi, tulipoteza watoto wangapi. Tunaacha kazi, tunajibu. Kisha anakwenda, na hatusikii tena. Aliyoyapata yanakaa kwenye rafu ya iniversite. Mwaka unaofuata anakuja mwingine na maswali yaleyale.

Wale wamama 40 walitoa muda wao na siri zao. Wana haki ya kujua walichosema wote pamoja. Kwa sababu mama aliyempa mtoto maji kwa agizo la mama mkwe anadhani ni yeye peke yake, na anaona aibu mbele ya mwuguzi. Akiona vichwa 26 vyenye rangi kati ya 40, ataelewa kwamba si udhaifu wake. Ni jambo la nyumba zetu, na mabibi nao wanapaswa kuitwa kwenye mafundisho. Hapo utafiti unaanza kusaidia.

Kwa hiyo, mama uliyeuliza, mpe binti yako sharti moja. Umsaidie kupata afishi, na yeye, ikiisha kazi ya iniversite, ailete kwenye kikundi. Aweke juu yake karatasi ya Kiswahili yenye lile neno kuu, aitundike pale mnapokutania, asimame aeleze, ajibu maswali yenu. Aombe pia ruhusa ya kuitundika kwenye kituo cha afya. Hiyo ndiyo faida ya feza mtakayotoa.

Na ninyi viongozi wa vikundi, mkiona mwanafunzi anakuja kuuliza maswali, mpokeeni vizuri, lakini kabla ya kujibu mwulizeni: «Utarudi lini kutuambia ulichopata?» Andikeni tarehe kwenye kaye ya kikundi. Anayekataa kurudi, amejieleza mwenyewe.

Vikundi vyenyewe vinaweza pia kutengeneza afishi. Tarehe 8 Machi tunajitokeza na vikwembe vizuri, tunaimba, tunarudi nyumbani. Mwaka huu kikundi kimoja kinaweza kubeba pia kartoni moja: tulikuwa wamama wangapi, tuliweka akiba kiasi gani, watoto wangapi walilipiwa masomo, tatizo gani limebaki. Sheria ni zilezile: neno moja kubwa, mchoro mmoja, hesabu za kweli. Wakubwa watakaopita watasoma, na hawatasema tena kwamba hawakujua.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutajibu maswali yenu juu ya kugawa akiba mwisho wa mwaka bila ugomvi. Leteni maswali kwa katibu wa kikundi chenu, hata kwa mdomo tu.

Kaeni na amani.